MTI MKUBWA WA UANI: WAKATI WA KUUACHA NA WAKATI WA KUUKATA

Maongezi yetu ya leo ni juu ya miti mikubwa isimamayo karibu na nyumba zetu. Hatusemi juu ya miti ya mwituni, wala juu ya mikoko ya mlango wa Ruvuma, ambayo ina sheria zake yenyewe. Twasema juu ya ule mwembe wa nyuma ya jiko, mkorosho wa ubavuni mwa nyumba, mnazi wa mlangoni, na mkwaju ambao wazee hukaa chini yake jua linapokuwa kali. Mtu hupanda mti akiwa kijana, naye huzeeka pamoja nao. Kisha siku moja hutazama juu akajiuliza: Je, mti huu wafaa kubaki, au umefika wakati wa kuukata?

Swali hili ni zito kuliko watu wengi wanavyodhani. Mti uliokatwa asubuhi moja haurudi kwa miaka thelathini. Na mti ulioachwa kwa uvivu waweza kuwaua watu waliolala, katika usiku mmoja wa upepo. Kwa hiyo haifai kuukata kwa hasira, wala kuuacha kwa mazoea. Yafaa kuupima kwa akili.

Twasema hasa na watu wa Kitaya na vijiji vingine vya bonde la Ruvuma, tangu huko mpaka pwani ya Mtwara na Mikindani. Kwao mti wa uani ni kivuli, na pia ni mali, maana mkoa wa Mtwara ni mkoa wa korosho. Tena pwani yao si salama na tufani, ingawa mtu aweza kukaa miaka mingi asiione. Mwezi wa Aprili 1872 tufani kubwa ilipiga Unguja ikaangusha mikarafuu na minazi isiyo na hesabu. Mwezi wa Aprili 1952 tufani nyingine ilipiga pwani ya Lindi. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga kiitwacho Kenneth kilitua katika Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, kaskazini ya mji wa Pemba, na watu wa Mtwara walikuwa wamehadharishwa kabla. Tena mwanzo wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika karibu na Mafia.

Angalieni miezi hiyo: Aprili na Mei, mwisho wa mvua zetu. Wakati huo ardhi imeloa, mizizi imelegea, na majani ya miti ni mengi na mazito. Upepo ambao mwezi wa Septemba ungepukutisha majani tu, mwezi wa Aprili waweza kung'oa mti mzima. Kwa hiyo miti ya uani yafaa kukaguliwa kila mwaka wakati wa kiangazi, kabla ya mvua za Novemba na Desemba kuanza. Akaguaye mti baada ya mawingu kutanda amechelewa.

Sasa tueleze mambo matano ya kuangalia, moja baada ya jingine.

JAMBO LA KWANZA: MTI NI WA NANI?

Wageni hushangaa wasikiapo kwamba katika pwani yetu ardhi yaweza kuwa ya mtu mmoja na mti ulio juu yake ukawa wa mtu mwingine. Lakini ni desturi ya kale. Mnazi au mkorosho waweza kurithiwa, waweza kuwekwa rehani, waweza kuwa wa ndugu watatu pamoja, hali nyumba iliyo chini yake ni ya mmoja tu. Basi kabla ya kushika shoka, waulizwe warithi wote, na wanawake pia, maana mara nyingi aliyepanda mti ni bibi. Ikiwa mti umesimama mpakani, jirani aitwe. Ikiwa mti ni wa makaburini au wa tambiko, wazee wa mji waitwe. Kesi nyingi za miti huletwa na maneno ambayo hayakusemwa kabla ya mti kuanguka.

Serikali nayo ina neno lake. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yalinda miti ya thamani kama mvule na mpingo. Asiikate mtu kabla ya kumwuliza Bwana Miti wa wilaya na kupata kibali. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto. Watu wa bondeni walifikiri sana neno hili. Mti wa ukingoni ndio uishikao ardhi kwa mizizi yake. Ukiondoka, Ruvuma ijapo kwa nguvu huimega ardhi ile, na shamba la mpunga huenda pamoja nayo.

JAMBO LA PILI: MTI NI MZIMA AU NI MGONJWA?

Uzee si ugonjwa. Mwembe wa miaka themanini waweza kuwa mzima kuliko wa miaka ishirini. Mtu mwenye kutaka kujua hali ya mti auzunguke pole pole, kuanzia chini kwenda juu.

Chini atazame udongo. Je, umepasuka au umeinuka upande mmoja wa shina? Hiyo ni dalili mbaya sana, maana mizizi imeanza kuachia. Je, uyoga umeota shinani kila mwaka? Huenda mizizi inaoza ndani. Je, mizizi mikubwa ilikatwa wakati wa kuchimba msingi au shimo la choo? Mti wa namna hiyo umekatwa miguu, hata kama majani bado ni ya kijani.

Katikati agonge shina kwa nyuma ya shoka, pande zote. Mti mzima hujibu kwa sauti nzito; mti wenye uwazi hujibu kama ngoma. Mchwa wakionekana juu ya gome, asikate shauri kwa haraka. Mara nyingi wanakula gome lililokufa tu, na chini yake mti ni mzima. Akwangue udongo wao aone. Ufa mrefu, hasa pale mashina mawili yanapogawanyika, ni hatari zaidi kuliko mchwa. Wahenga walisema, asiyeziba ufa hujenga ukuta. Na ufa wa mti hauzibiki.

Juu atazame matawi. Tawi moja kavu si kitu kikubwa, laweza kukatwa. Lakini ncha zote za juu zikiwa kavu, mti unakufa kutoka kichwani.

Kuinama nako kuna namna mbili. Mnazi ulioinama tangu udogo wake umejizatiti hivyo, na hauna kosa. Mti uliokuwa wima mwaka jana na mwaka huu umeinama, huo unaanguka. Hajulikani ila siku.

Lakini kila mti una desturi yake. Mbuyu kuwa wazi ndani ni kawaida yake, na gome lake likijeruhiwa huota tena. Usiuhukumu kama mwembe. Mnazi nao hauna matawi wala hauchipui ubavuni. Uhai wake wote umo katika kilele kimoja. Kilele kikifa, mnazi umekufa, hapana dawa. Uko ugonjwa ulioua minazi mingi ya pwani yetu, hasa upande wa kusini: madafu hupukutika, maua huwa meusi, majani hugeuka manjano kuanzia ya chini, na mwisho kichwa chote huanguka, shina likabaki kama nguzo. Mnazi wa namna hiyo usiachwe hata kidogo. Shina lake lioza polepole huwa nyumba ya chonga, yule mdudu mwenye pembe atoboaye kilele cha minazi mizima. Mnazi mmoja mfu uachwao huwadhuru majirani zake.

JAMBO LA TATU: UKIANGUKA, UTAANGUKIA WAPI?

Mti mbovu uliopo katikati ya shamba waweza kuachwa ndege wakae. Mti huo huo ukiwa karibu na chumba cha watoto ni jambo jingine. Kwa hiyo yapasa kujua urefu wa mti na umbali wake na nyumba.

Wanafunzi wataufurahia upimaji huu, maana hauhitaji kupanda juu. Asubuhi au alasiri, simamisha kijiti cha urefu wa mita 1 mahali palipo sawa, ukapime kivuli chake. Wakati huo huo pima kivuli cha mti, tangu shina mpaka ncha. Tuseme kivuli cha kijiti ni sentimita 80, na kivuli cha mti ni mita 12. Gawanya 12 kwa 0.8, utapata 15. Basi mti una urefu wa mita 15. Sasa pima kwa hatua toka shina mpaka ukuta wa nyumba. Ikiwa ni mita 20, mti hauifikii nyumba. Ikiwa ni mita 9, mti waweza kulala juu ya paa pamoja na matawi yake yote.

Pima vile vile njia ya watu, kisima, zizi, nyumba ya jirani na nyaya za umeme. Mti ulio karibu na nyaya usiguswe na mtu wa kijijini. Watu wa shirika la umeme waitwe.

JAMBO LA NNE: MTI UNATUPA NINI?

Mtu akiona mti hauzai, husema upesi, "Mti huu ni bure." Tuwakumbushe habari ya korosho. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani kama 145,000. Kufika msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Je, mikorosho ilikuwa imezeeka yote kwa pamoja? Sivyo. Watu walikuwa wamehamishiwa katika vijiji vipya, wakaiacha mikorosho yao mbali na msituni. Bei ilikuwa ndogo. Tena tangu mwisho wa miaka ya 1970 ulitokea ugonjwa wa ubwiri unga, ambao huyafunika maua kwa vumbi jeupe yakafa kabla ya kufunga korosho. Baadaye watu walipopata salfa na kupalilia, mikorosho ile ile ilizaa tena, na katika msimu wa 2017/18 nchi ilivuna tani zaidi ya 300,000. Mtu aliyeikata mikorosho yake miaka ile kwa kuiona tasa, aliikata mali iliyokuwa ikingoja dawa na jembe tu.

Lakini iko hali ambayo kukata ndiko huleta mavuno. Mkorosho huzaa katika ncha za matawi yapatayo jua. Ikiwa mikorosho imebanana hata matawi yameshikana, jua hufika juu tu, na ubavuni hakuna korosho. Mabwana Shamba hushauri nafasi ya mita 12 kwa mita 12. Mahali palipobanana, kuondoa mti mmoja kati ya miwili si hasara. Uliobaki hupanua matawi yake ukazaa kwa wote wawili.

Tena yako manufaa yasiyouzwa. Kivuli cha mwembe mchana ni afya ya mzee na mtoto mchanga. Safu ya miti upande wa kusi huvunja upepo usilifikie paa. Mtu akikata miti yake yote kwa kuogopa upepo, ataona mwaka wa pili kwamba upepo umepata njia.

JAMBO LA TANO: HAKUNA NJIA YA KATI?

Wengi hufikiri kwamba njia ni mbili tu, kuacha au kukata. Lakini ziko nyingine. Tawi lielekealo nyumba laweza kuondolewa peke yake. Atakaye kukata tawi nene aanze kwa kukata kidogo upande wa chini, kisha akate upande wa juu, lisije likaanguka na kuchuna gome la shina. Asiache kipande kirefu, wala asilikwangue shina. Tena asiondoe zaidi ya robo ya matawi kwa mwaka mmoja, maana majani ndiyo chakula cha mti.

Mkorosho mkongwe nao waweza kufanywa upya. Wataalamu wa Naliendele, karibu na Mtwara, wamefundisha jinsi ya kukata shina likabaki kisiki, machipukizi yakaota, kisha yakabebeshwa vikonyo vya mikorosho bora. Kwa kuwa mizizi ni ya zamani na ina nguvu, mti huo huzaa upesi kuliko mche. Lakini kwanza Bwana Shamba auone. Uko ugonjwa wa mnyauko, ulioonekana mwaka 2012 katika wilaya ya Mkuranga, nao hutoka katika udongo. Mkorosho wenye ugonjwa huo haufanywi upya. Hung'olewa na kuchomwa papo hapo.

MFANO MMOJA

Ili maneno haya yaeleweke vema, tuseme yuko mzee mmoja wa Kitaya mwenye miti mitatu uani. Mjukuu wake amenunua mabati mapya, naye anataka miti yote ikatwe.

"Babu," asema mjukuu, "mabati haya ni ya gharama. Tawi moja likianguka, fedha yote imepotea. Tukate tukae kwa raha."

Mzee ajibu, "Mjukuu wangu, mti huu ulikuwa hapa kabla ya nyumba. Haukuja kwako, wewe ndiwe uliyeufuata. Kwanza tuukague, ndipo tuuhukumu."

Basi waikagua pamoja. Mnazi umekwisha poteza kichwa. Hapana la kungoja, hukatwa wiki ile ile. Sehemu ngumu ya chini yafaa boriti, na iliyobaki huchomwa ili chonga wasizae. Mkorosho ni mkongwe, lakini shina lake ni zima na hauna mnyauko. Hukatwa ukafanywa upya. Mwembe una mita 15, na nyumba i mita 9 tu kutoka shina. Kwa kipimo hicho mjukuu ana haki ya kuogopa. Lakini udongo haukuinuka, shina lajibu kwa sauti nzito pande zote, na kuinama kwake ni kwa zamani. Kosa lake ni moja: tawi kubwa lililokauka, lililo juu ya chumba cha kulala. Tawi hilo huondolewa, na matawi ya upande wa nyumba hupunguzwa. Wakubaliana kuukagua kila kiangazi, na siku udongo utakapoonyesha ufa, mzee mwenyewe ataleta shoka. Hivi mjukuu amepata usalama, na mzee hakupoteza kivuli chake.

KAZI YA KUKATA

Ikiwa shauri limekatwa kwamba mti uondoke, kazi ifanywe kwa utaratibu. Chagua asubuhi kavu isiyo na upepo. Tazama kama wako nyuki ndani ya uwazi wa mti, waondolewe kwanza na mtu ajuaye. Watoto na mbuzi wapelekwe mbali, zaidi ya urefu wa mti mara mbili. Mti ulio karibu na nyumba usiangushwe mzima; ukatwe vipande vipande kuanzia juu, na kila kipande kishushwe kwa kamba.

Mti ulio na nafasi ya kuanguka hukatwa kwanza pengo upande ule utakaoangukia, kina chake kama robo ya unene wa shina. Kisha hukatwa upande wa pili, juu kidogo ya pengo lile, lakini usikate mpaka mwisho. Acha ukanda wa mti katikati uwe kama bawaba ya mlango, ndio uuongozao mti. Wavutao kamba wasimame mbali, na kamba iwe ndefu kuliko mti. Mkataji awe na njia ya kukimbilia, nyuma na kando, nayo iwe imefyekwa kabla hajaanza. Utomvu wa mkorosho na wa mwembe huwasha ngozi. Jilindeni macho na mikono.

Mti ukiisha lala, usipotezwe. Gogo la mwembe hufaa kuchonga mtumbwi, na hata kinu. Matawi ni kuni za msimu mzima.

Mwisho, kabla kisiki hakijakauka, pandeni miti miwili badala ya mmoja. Msiipande pale pale. Pandeni mbali na nyumba kuliko urefu ambao mti huo utakuwa nao ukiwa mkubwa. Mwembe na upandwe si chini ya hatua ishirini kutoka ukutani. Mche wa leo waonekana mdogo, na mtu huona uvivu kwenda mbali na maji. Lakini hatari nyingi za miti ya leo zilianza siku ile mtu alipopanda mche karibu na mlango kwa kuuona ni mdogo.

Kwa hiyo tukumbuke: tuulize mti ni wa nani, tuukague hali yake, tupime utakapoangukia, tuhesabu faida zake, kisha tutafute njia ya kati. Baada ya hayo matano, akatae mti hatajuta, na auachae atalala usingizi.